Mayi ya Kilembe inashuka mpaka kwetu

Mchimbaji wa Beni ao wa Butembo anajua lile jiwe la manjano linalong'aa kama dhahabu lakini halina bei. Ni piriti: chuma na kiberiti. Ndani ya udongo halisumbui mtu. Likiachwa nje, hewa na mvua vinaligeuza kuwa aside, na aside ile inatoa shaba na kobalti ndani ya mawe, inapeleka mtoni. Migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa ina ugonjwa ule ule.

Mfano uko nyuma ya Ruwenzori tu. Mgodi wa Kilembe, kwa ndugu zetu Bakonzo wa Uganda, ulianza kutoa shaba mwaka 1956, ukasimama 1982. Malundo yakabaki. Kutoka rundo la piriti la Kasese aside ilishuka mpaka katika hifadhi ya Queen Elizabeth, ikaacha njia ambako majani hayaoti. Mafuriko ya mto Nyamwamba, 2013 na 2020, yakakula malundo ya bondeni. Nyamwamba unaingia ziwa George. Ziwa George linamwaga, kwa mfereji wa Kazinga, ndani ya ziwa Edouard. Na ziwa Edouard ni Kyavinyonge, ni Vitshumbi, ni samaki tunayokula. Barrière ya Kasindi inasimamisha malori, mayi haisimamishi.

Dawa iko. Toka 1999 kampuni Kasese Cobalt ilitumia vijidudu vya kula piriti ili itoe kobalti, halafu ikaua aside kwa jiwe la chokaa. Lakini ilifuata bei ya kobalti. Rundo lisilo na kobalti, nani atalifuata?

Kwa rundo kama lile, chokaa inaweza kusaidia, ila si kuimwaga ovyo: kwenye mayi ya rangi ya kutu, mawe yanavaa kutu na kulala, hayafanyi kazi tena. Yanazikwa ndani ya mtaro uliofunikwa, hewa isiingie. Mayi ikitoka pale inatulia katika mabwawa, kutu inashuka chini, kisha inapita katika matete. Huko Wales, kwenye mto Pelenna, walitengeneza vinamasi vya namna hii miaka ya 1990 kwa mayi ya migodi ya makaa. Matete hatukosi. Shida ni kutu ya bwawa: lazima itolewe, mwaka kwa mwaka, hata kampuni ikiisha kwenda.

Ndiyo maana sindika isiongee mshahara peke yake. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni kuweka dhamana ya feza ya kutengeneza mahali ilipochimba. Délégué wetu aombe karatasi ile sasa, mgodi ukingali wazi, na aulize ni nani atalipwa kuchimbua bwawa mwaka wa kumi.