Panya Huzibiwa Njia, Hafukuzwi

Katika kila nyumba iliyoezekwa kwa mkono wa fundi wa pwani upo mti mmoja ulazwao juu ya ukuta, ili makombamoyo ya paa yapate pa kukaa. Mti huo waitwa mtambaapanya. Jina hilo hakulitunga mshairi. Lilitokana na watu waliolala chali usiku wa giza, wakasikia juu yao nyayo nyepesi zikipita huku na huku, wakajua ni nani huyo na njia yake ni ipi.

Mimi nimelala chini ya mtambaapanya tangu utoto wangu, na nyayo hizo nilizizoea kama mtu azoeavyo mvumo wa bahari. Nilidhani ni jambo la kuchekesha. Mwaka huu nimejua kwamba halichekeshi hata kidogo, na ndiyo sababu ya kukuandikia, ndugu msomaji.

Nyumba yetu iko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni za boriti za mikoko, na uani umesimama mwembe uliopandwa kabla sijazaliwa. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa mashairi. Aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea watu wa rika lake waliosoma chuoni, katika daftari zenye karatasi nene, akaziweka ndani ya kisanduku cha mbao katika chumba cha juu. Alipofariki nilikirithi kisanduku hicho, nikaahidi kwamba siku moja nitakaa niyanakili yote kwa herufi za Kirumi. Siku hiyo niliiahirisha kwa miaka zaidi ya ishirini.

Hatimaye nilikifungua. Nyuma yake palikuwa na tundu la mviringo, limechongwa vizuri kana kwamba ni kazi ya seremala. Ndani mlikuwa na kiota, na kiotani vitoto vitano vyekundu, havijafumbua macho. Kiota chenyewe kilikuwa ni mashairi ya baba, yamechanwa chanwa yakawa laini kama pamba.

MGENI WA MAJAHAZI

Tumjue kwanza adui yetu, maana wengi huwachanganya panya wawili. Yuko yule mnene wa mitaroni, mwenye mkia mfupi kuliko mwili wake, ambaye huchimba mashimo ardhini na kupenda majimaji. Huyo si wa hadithi hii. Panya wa darini ni mwembamba, masikio yake ni makubwa, na mkia wake ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa. Huo mkia ndio mizani yake. Kwao hupita juu ya waya wa umeme, juu ya kamba ya kuanikia nguo na juu ya tawi jembamba bila kuyumba. Ardhi haimpendezi, yeye ni kiumbe wa juu.

Asili yake ni Bara Hindi, na kwetu alikuja kama walivyokuja wageni wengi, kwa chombo. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta mifupa yake Unguja Ukuu, katika udongo wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo amekaa nasi muda mrefu kuliko nyumba yoyote tunayoiita ya kale.

Mimba yake ni ya wiki tatu tu, kama siku 21 hadi 23, na huzaa watoto watano mpaka wanane mara kadhaa kwa mwaka. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, basi hana budi kuguguna: mbao, kitabu, bomba laini, hata ngozi ya waya wa umeme. Nasi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu udogoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaagiza watu wazime taa walalapo, kwa hofu ya panya kuukokota utambi na kuichoma nyumba na watu wake. Siku hizi utambi hakuna, lakini waya uliovuliwa ngozi juu ya boriti kavu ni utambi ule ule.

Na maradhi je? Viroboto vya panya ndivyo vienezavyo tauni. Ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilitiwa moto ili kuikomesha. Mkojo wake nao huleta homa mbaya inayoshika ini na figo. Wahenga walisema panya huuma na kupuliza. Kwa hakika, kwa muda wote huo alikuwa akituuma nasi tukiuona upepo wake ni baridi.

NYUMBA NZEE, MTI MZEE

Waweza kuuliza, kwa nini nyumba zetu nzee ndizo azipendazo? Jawabu moja ni sisi wenyewe. Nyumba ya mawe ya zamani ilikuwa na dari bapa ya boriti, mawe na chokaa iliyopondwa ikashikana. Haikuwa na uvungu wa kujificha. Lakini dari ya namna hiyo yataka kutunzwa kila mwaka, na chokaa na mafundi wake vilipoanza kuadimika, watu wengi waliifunika kwa mabati au makuti. Baba yangu naye alifanya hivyo. Baina ya bati na dari pakabaki nafasi ya giza, kavu, yenye joto, isiyopandwa na mtu. Tulimjengea ghorofa, wala hakutuomba.

Jawabu la pili ni miti. Mombasa ni mji uliojiita kwa miembe yake: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika. Mwembe, mkungu, mpera na mnazi ni kivuli na tunda kwetu. Kwa panya ni ghala na ngazi. Hula embe juu kwa juu, kisha hushuka kwa tawi linalogusa bati akaingia kulala. Hata tawi lisiloguse humfaa, kwani huruka zaidi ya mita moja bila taabu.

MAKOSA YANGU

Nilifanya kama wafanyavyo wengi. Nilikwenda dukani nikanunua sumu, nikaimwaga darini kwa hasira. Sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na panya hafi papo hapo. Hufa baada ya siku kadhaa, akiwa amekwisha jifungia ndani ya ukuta. Wakafa kweli. Wakaoza baina ya boriti, mahali pasipofikika mkono, katika wiki ambayo tulikuwa na wageni wa arusi. Ubani haukufua dafu.

Lililoniuma zaidi ni paka wa jirani. Alimla panya aliyelegea, naye akafa. Jirani yangu ni mama mtu mzima. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, huyu paka alikuwa akinisindikiza alfajiri nikienda kutia maji." Nilikosa pa kuutia uso wangu.

Sumu hiyo hiyo humwua na bundi. Sisi wa pwani tukimsikia bundi analia juu ya paa husema analeta habari ya msiba, tukamtupia mawe. Maskini, aghalabu habari aliyokuja nayo ni kwamba una panya wengi, naye amekuja kukupunguzia.

Kuhusu paka, tusijidanganye. Paka wa Mji wa Kale hushiba vichwa vya samaki kabla ya adhuhuri. Atakamata panya mchanga, atamtisha aliyeshuka chini, lakini mzee wa darini hamfuati kule juu.

MANENO YA FUNDI

Baada ya fedheha hiyo nilimwendea fundi mmoja wa chokaa, mtu wa Lamu, aliyenizidi umri. Alikuja, akazunguka nyumba mara mbili bila kusema neno, akitazama juu. Kisha akacheka.

"Maalim," akaniambia, "wewe wapigana na mwizi, na mlango umeuacha wazi. Ukiwaua hawa leo, kesho waja wa nyumba ya pili. Panya hafukuzwi, huzibiwa njia."

"Njia zenyewe ziko wapi, mzee wangu?"

Akanionyesha. Alama nyeusi za mafuta ukutani, mahali manyoya yanaposugua kila usiku, maana panya ni mtu wa desturi, hapiti ila njia aliyoizoea. Pembe ya bati iliyoinuka. Mahali kichwa cha boriti kinapotokeza nje na chokaa imemomonyoka pembeni. Tundu la bomba. Tundu la waya. Mimi nilitafuta milango. Yeye alitafuta nafasi ya kupenya kidole gumba, kwani hiyo humtosha panya.

Kazi yake aliifanya hivi. Palipo na tundu alikunja wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6, akaukaza ndani, kisha akaufunika kwa chokaa na mchanga uliochanganywa na vipande vya chupa. Nilipomwambia saruji ni imara zaidi, alikataa. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, ukaumuka na kubanduka, na mwaka wa pili una tundu kubwa kuliko la kwanza. Chokaa peke yake ni laini kwa meno, ndiyo maana waya hutangulia. Madirisha madogo ya hewa hakuyaziba. Aliyatia wavu, hewa ipite na panya abaki nje.

Tundu moja aliliacha, lile la njia kuu. "Ukiziba yote leo," alisema, "utawafungia ndani, wafe humo au wakutobolee kwingine." Tukatega mitego ya mbao, ile ya springi, juu ya mtambaapanya wenyewe na kando ya ukuta. Hapa pana siri moja. Panya wa darini huogopa kitu kigeni. Kwa siku nne tuliweka mitego bila kuitega, imetiwa nazi iliyochomwa na kipande cha ng'onda, wakala wakaondoka salama. Siku ya tano tukaitega, chambo kimefungwa kwa uzi. Usiku huo mmoja tulikamata saba.

Kisha tukanyunyiza majivu mbele ya lile tundu. Asubuhi tatu mfululizo hapakuwa na unyayo. Ndipo likazibwa.

Vinyesi tuliviondoa kwa hadhari. Usivifagie vikavu, vumbi lake lina madhara. Fungua madirisha, lowesha kwa maji yenye dawa ya kuulia viini, vaa glavu na ufunge pua, kisha futa.

MWEMBE WA SHANGAZI

Ukabaki mwembe. Mpwa wangu alikuja na msumeno wa injini, tayari kuuangusha. Shangazi yangu, mzee wetu wa nyumba, akatoka na bakora yake akasimama shinani.

"Kitovu changu kimezikwa hapa," akasema. "Ukate na mimi."

"Shangazi, panya wapita hapa kuingia darini," nikamweleza.

"Basi mkate njia yao. Kivuli changu kina kosa gani?"

Naye alisema haki. Tulipunguza matawi mpaka pakawa na mita mbili wazi kutoka paani, na shina tukalivisha mshipi wa bati laini, upana wa nusu mita, juu ya kimo cha mtu, ukucha ukose pa kushika. Jambo hilo si geni. Huko visiwa vya Pasifiki minazi huvishwa bati namna hiyo, na hapa petu, ukitazama kamba za meli zilizofungwa gatini Kilindini, utaona zimetiwa visahani vipana kwa sababu ile ile. Kila mwaka mshipi hulegezwa mti usinyongeke, na matawi hutazamwa baada ya masika, kwani mti haungoji ruhusa kukua. Embe zilizoanguka huokotwa jioni, zisilale chini. Takataka za jikoni zina kifuniko.

Msomaji, hayo yote hayakutaka fedha nyingi. Yalitaka macho na subira, na kuyafanya kabla ya kuumizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaisomesha watoto, na nyumba zetu zina nyufa.

Miswada mingi ya tenzi na mashairi ya pwani imesalimika katika hifadhi za Dar es Salaam na London. Lakini mingine ingali majumbani mwetu, ndani ya visanduku, chini ya vitanda, juu ya makabati, na mrithi wake ameahidi kwamba siku moja ataisoma. Pandisha taa leo ukaangalie nyuma ya kisanduku.

Daftari za baba zilikuwa nne. Moja imekwisha kabisa. Mbili ni nzima. Ya nne panya aliila ukingo wa kushoto tu, na kwa kuwa yeye aliandika kutoka kulia, kila mshororo umebaki na kipande cha kwanza na kina chake cha kati; kipande cha pili kimekwenda pamoja na kina cha mwisho. Kila usiku sasa nakaa nayo, nasoma nusu aliyoniachia, kisha nangoja kama nitasikia angalivyomaliza. Mara chache nasikia. Darini kumetulia.