Picha Wakati wa Kuchambua Karafuu



Msimu wa mavuno huja na wageni wenye kamera, na siku hizi hata sisi wenyewe tuna simu. Yafaa ieleweke kwamba ruhusa ya mwenye shamba si ruhusa ya wachambuaji. Akina mama huketi majamvini usiku kutenga karafuu na makonyo, ushungi umewateremka, watoto wamelala mapajani. Hapo ni kama ndani ya nyumba. Picha ikishatumwa hairudi. Basi aulizwe kila mmoja kabla, na kwa mtoto aulizwe mzazi. Akikataa asibembelezwe kwa fedha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yaitambua ridhaa ya mhusika.

Mkutanoni, wasiotaka kupigwa picha watatengewa upande wao.