Gia Inayoruka: Kufungua na Kurudisha Giaboksi ya Pikipiki Nyumbani

Huenda pikipiki yako imeanza tabia hii: wapanda kilima kwa gia ya pili, mara injini yapiga kelele na gurudumu halivuti. Gia imeruka yenyewe. Waiweka tena, nayo yaruka tena. Pengine siku hiyo umebeba gunia la mahindi tu, nawe wacheka. Lakini pikipiki hiyo hiyo ndiyo impelekayo mama mja mzito zahanati usiku, na ndiyo ilipayo ada ya watoto. Hapo si jambo la kucheka.

Tuzungumze habari za injini moja tu, maana imejaa sana vijijini kwetu. Mwaka 1976 Honda wa Japani walianza kutengeneza pikipiki ya CG125. Valvu zake husukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa na cheni, ili injini ivumilie hata kwa mtu asiyeitunza sana. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za bei nafuu zibebazo abiria leo zina injini ya namna hiyo. Ndani yake giaboksi si sanduku la peke yake. Yakaa katika kasha moja na krankishafti, na kuoga oili ileile. Kwa hiyo ukitaka kuigusa, sharti kasha zima lipasuliwe nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Hesabu siku mbili, wala si saa mbili.

Basi kabla ya kupasua, hakikisha ugonjwa uko huko ndani. Tazama kama pedali ya gia imelegea kwenye meno ya shafti yake. Rekebisha waya wa klachi. Klachi isiyoachia vizuri hufanya gia ziwe ngumu kuingia, na wengi hulaumu giaboksi bure. Kisha fungua kifuniko cha upande wa klachi. Huko nyuma ya klachi kuna mkono mdogo wenye springi, ambao hushika ngoma ya gia isizunguke ovyo. Springi hiyo ikikatika, gia huruka, na dawa yake ni springi mpya tu. Lakini ukimwaga oili ukakuta vipande vya chuma, usiendelee kubahatisha. Pasua.

Chagua mahali pasipo upepo wala kuku. Tandika gunia safi au turubai. Vyombo vya kuoshea vyuma viwe na mafuta ya taa au dizeli. Petroli iache kabisa, hasa kama jiko la mama liko karibu. Oili chafu itie katika dumu, usiimwage karibu na kisima.

Injini ikishatoka kwenye fremu, ondoa kichwa, silinda na pistoni. Upande wa kushoto utatoa sproketi ya mbele na flaiwili. Flaiwili hiyo yataka pula yake. Ukiigonga kwa nyundo utaharibu krankishafti. Upande wa kulia utatoa klachi, pampu ya oili na chujio la kuzunguka. Nati zake zina mapengo badala ya pembe, nazo zataka spana ya pekee. Kama hunayo, azima kwa fundi au umlipe akulegezee hizo tu. Watu huzipiga kwa patasi, na baadaye hazikazi tena.

Sasa fungua bolti za kasha. Toboa katika kipande cha boksi la karatasi matundu yenye umbo la kasha, na kila bolti ichomeke mahali pake, maana urefu wao si mmoja. Nusu moja itainuka. Usiingize bisibisi katikati kuipanua; alumini ikikwaruzwa pale, oili itavuja daima. Gonga pole pole kwa nyundo ya mti.

Hapo utaona shafti mbili zimelala pamoja, gia zake zimeumana kama vidole vya mikono miwili. Kabla ya kugusa kitu, piga picha kwa simu, tena piga nyingine kwa upande. Kila uondoacho kivike katika waya kwa kufuata mpango wake: gia, wosha, klipu, gia. Wosha hizo nyembamba ndizo roho ya kazi yote. Moja ikihamia upande wa pili, shafti hukaa kombo kwa upana wa ukucha, na gia haishiki kamwe.

Tazama gia zinazoruka. Meno ya kuzunguka mara nyingi ni mazima. Ubaya uko katika meno ya ubavuni, yale yanayoingia katika matundu ya gia jirani. Yanatakiwa yawe na kona kali. Yakiwa yameviringika kama sabuni iliyotumika, hayashiki mzigo. Nunua gia hiyo pamoja na mwenzake wa ubavuni, maana jino jipya katika tundu lililochakaa litaviringika upesi. Kisha tazama uma 3 zinazosukuma gia. Uma uliopinda, au wenye ncha zilizogeuka rangi ya bluu kwa joto, utupwe. Usiunyoshe kwa nyundo. Utapinda tena na kuharibu gia mpya. Zungusha kila beringi kwa kidole, na ile inayokwaruza badilisha. Sili za mafuta na klipu nunua mpya bila kujadili.

Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu. Laza nusu ya kasha juu ya vipande vya mbao. Paka oili kila kitu. Shika shafti zote mbili pamoja katika mikono, kama magunzi mawili yaliyobanana, uzishushe kwa mara moja. Moja moja hazitaingia. Kisha ngoma, kisha uma. Mara nyingi uma zina herufi. Fuata picha zako. Kipini cha kila uma kiingie katika mfereji wake wa ngoma, na mwisho fimbo ya uma.

Sasa usifunge! Zungusha ngoma kwa mkono, huku mkono wa pili ukizungusha shafti, kwani gia haziingii zikiwa zimesimama. Pita gia zote 5, kwenda na kurudi. Tia alama ya chaki: katika gia ya kwanza shafti ya klachi itazunguka karibu mara 3 ndipo ile ya sproketi izunguke mara 1, katika gia ya tano zitakwenda karibu sawasawa. Katika nyutro, moja izunguke bila kuivuta nyingine. Kama gia moja haipatikani, wosha au uma haukukaa sawa. Kulijua hilo sasa ni kazi ya robo saa. Kulijua baada ya kufunga ni siku mbili nyingine.

Weka shafti ya kiki, gasketi mpya, kisha nusu ya pili. Ishuke kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo. Ikibaki na mwanya, inua utazame. Wala usiivute kwa bolti. Wengi hufanya hivyo, na kasha hupasuka mlio wa kijiti kikavu. Ikikutana, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana kama nyota, kwa spana fupi. Zungusha tena kila kitu. Na kama kuna wosha iliyobaki kwenye gunia, fungua. Asikudanganye mtu kwamba haina kazi.

Jaza oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA mpaka alama ya kijiti, maana baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze. Inua gurudumu la nyuma, washa, pita gia zote. Safari ya kwanza nenda peke yako, bila abiria wala gunia, ukianzie kile kilima chenye mazoea ya kukurushia gia. Baada ya siku chache mwaga oili hiyo katika beseni jeupe, uitazame juani. Vumbi la kijivu ni la kawaida kwa gia mpya. Ukiona kipande chenye kona, usimpakie mtu.