Sura ya Sita: Mawe Yaliyoiga Mbao

Nilikusudia sura hii ifuate ratiba ya msafiri kwenye mahekalu ya Angkor, Kambodia: Roluos kwanza, kisha Angkor Wat, kisha Bayon, na mwisho Ta Prohm yenye miti yake maarufu. Lakini siwezi kumwingiza msomaji ndani kabla sijafagia mlangoni. Kila nikikutana na watu waliotoka Siem Reap, mji wa jirani, wanarudi na hadithi zilezile tatu, na zote tatu ni porojo.

Ya kwanza ni kwamba Angkor ulikuwa mji uliopotea msituni hadi Mfaransa Henri Mouhot alipougundua mwaka 1860. Mouhot hakuwa na haja ya kugundua chochote. Wenyeji walijua njia, na alipofika Angkor Wat aliwakuta watawa wa Kibudha wakiishi palepale. Miaka kumi kabla yake alishapita padri wa Kifaransa, Bouillevaux. Mwaka 1632 Mjapani aliyekuja kuhiji aliandika kwa wino juu ya nguzo ya hekalu, na mwaka 1586 alishafika mtawa Mreno, António da Madalena. Tena mwaka 1296, mfalme akiwa bado yuko kwenye kiti chake, alikuja Zhou Daguan na ujumbe kutoka China, akakaa karibu mwaka mzima, akaandika aliyoyaona, hata jinsi biashara ya sokoni ilivyokuwa mikononi mwa wanawake. Baadaye, katika karne ya 15, wafalme walihamia kusini na mji ukapungua watu. Anayeita hayo kupotea ana maana kwamba Ulaya ilikuwa haina habari.

Ya pili inauzwa vitabuni: eti mahekalu yalipangwa kufuata kundinyota la Joka jinsi lilivyoonekana angani miaka 10,500 kabla ya Kristo. Mtu akipewa mamia ya magofu na ruhusa ya kuchagua anayoyataka, atapata umbo la joka, la ng'ombe, hata la shemeji yake. Wajenzi wenyewe waliacha maandishi kwenye mawe, kwa Kisanskriti na Kikhmer cha kale, wakieleza nani kajenga, kwa ajili ya mungu gani, na lini. Hekalu la Bakong ni la 881. Banteay Srei ni 967. Ta Prohm ni 1186, na jiwe lake linataja hadi hesabu ya wachezaji ngoma wa hekalu: 615. Hiyo ni miaka mia tatu ya wafalme walionyang'anyana madaraka. Katika vurugu hizo, nani alikuwa akishika ramani ya nyota?

Ya tatu ni dinosauri. Pale Ta Prohm, pembeni mwa mlango mmoja, kuna kimnyama kimechongwa ndani ya duara, na mgongoni mwake kuna safu ya vitu kama magamba yaliyosimama. Watu wanapanga foleni kukipiga picha. Wapo wanaodai kwa uso mkavu kwamba Wakhmer, wajenzi wa mahekalu haya, walimwona dinosauri akiwa hai. Naomba wasogeze macho hadi kwenye duara za jirani. Wanyama waliomo wana mapambo hayohayo ya majani nyuma yao, kwa sababu fundi alikuwa akijaza nafasi tupu. Mnyama wetu ana kichwa kikubwa chenye kitu kinachofanana na masikio. Wengine wanasema ni nguruwe mwitu. Mimi nasema ni kifaru, na sitarudi tena kwenye jambo hili.

Basi twende Angkor Wat. Hekalu hili alilijenga Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, kwa ajili ya Vishnu. Kila mwongoza watalii atakupitisha kwenye michoro ya ukutani, nawe upite, ni mizuri mno. Ukimaliza, simama mbele ya ukuta ambao hauna mchoro wowote. Utaona kwenye mawe vitundu vya duara, upana wake kama wa kidole gumba, viwili viwili au zaidi kwenye jiwe moja. Utaambiwa ni risasi za vita, au mahali palipokuwa na almasi zilizoibwa. Risasi zipo kweli kwenye kuta chache, lakini huacha kovu lililochanika, halichagui mahali. Vitundu hivi ni safi na vina mpangilio. Ndimo vilimopigiliwa vigingi ili kamba zipate pa kushika wakati wa kulinyanyua jiwe.

Mawe yenyewe yalikatwa chini ya milima ya Kulen, kilomita zaidi ya thelathini kutoka hapo, na sehemu kubwa ya safari yalikwenda kwa maji, kwenye mifereji. Yakifika, yalisuguliwa moja juu ya lingine mpaka nyuso zikakubaliana. Hakuna chokaa katikati. Jaribu kupitisha ukucha kwenye kiungo. Mara nyingi hauingii.

Hapo ndipo wasifu wa kawaida huishia, nami hapo ndipo ninapoanza, kwa sababu waashi hawa walikuwa na kasoro moja ambayo fundi yeyote wa mtaani ataiona kabla hajavua kofia. Tazama viungo vya wima. Kwetu, kila anayejenga kwa tofali anajua kwamba tofali la juu hukalia kiungo cha chini, ili ufa usipate njia. Kwenye kuta nyingi za Khmer viungo vimepangana wima, kimoja juu ya kingine. Watu waliosugua jiwe hadi ukucha usipite walishindwaje kuliona hilo?

Jibu langu ni kwamba kichwani walikuwa maseremala. Wakhmer walijenga kwa mbao: nyumba za raia, hata kasri la mfalme. Jiwe lilikuwa la miungu, ndiyo maana leo tunaona mahekalu peke yake tukadhani hapakuwa na mji, hadi mwaka 2012 vipimo vya leza kutoka kwenye helikopta vilipoonyesha mitaa na viwanja chini ya miti. Fundi aliyelelewa kwenye mbao alipopewa jiwe alilitendea kama mbao. Kagua fremu ya mlango: pembe zake zimekatwa mshazari, kama fremu ya seremala. Kagua madirisha: nondo zake ni za jiwe lililochongwa mviringo, kana kwamba zimetoka kwenye mashine ya kukereza. Inua macho: paa la jiwe limechongwa mistari ya vigae. Mahali pengine walitoboa boriti ya jiwe ndani na kuingiza mti halisi, wakiamini mti ndio utakaobeba. Mti ukaoza, jiwe likapasuka.

Paa nalo lina habari yake. Wakhmer hawakutumia tao la kweli. Kwetu, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliezekwa kwa makuba ya matumbawe na chokaa, kitu kimoja kilichoshikamana. Angkor, kinyume chake, kila jiwe linachomoza kidogo kuliko lililo chini yake, pande mbili zikisogeleana hadi zikutane juu. Njia hii haikubali upana mkubwa, kwa hiyo mabaraza ni marefu na membamba, na hekalu kubwa namna ile halina ukumbi hata mmoja. Kwa ndani, dari ya mbao iliuficha ubaya wa mawe hayo. Dari imeoza zamani, nasi tunatazama kitu ambacho mjenzi hakukusudia tukione.

Baada ya hapo, miti ya Ta Prohm inahitaji sentensi chache. Mizizi hupenya kwenye viungo visivyo na chokaa, ikavipanua, kisha ikazikumbatia kuta zisianguke. Mti ukifa, ukuta huenda nao. Msitu ule haukusahaulika pale: wanaakiolojia wa Kifaransa waliamua kuuacha makusudi, wageni waone magofu yalivyokuwa kabla ya kusafishwa.

Roluos na Bayon zimenishinda nafasi. Kwa ufupi: anza Roluos, ambako utaona matofali ya karne ya 9 kabla hujazoea makubwa. Hekalu la Angkor Wat linatazama magharibi. Alfajiri umati husongamana kulipiga picha likiwa kivuli cheusi, wakati mwanga mzuri wa uso wake ni wa alasiri. Michoro ya baraza isome ukienda kinyume na mwendo wa saa, yaani ukuta uwe mkono wako wa kushoto. Funika mabega na magoti, la sivyo utarudishwa kwenye ngazi za mnara wa juu. Na ukikodi bajaji kwenda mahekalu ya mbali, tembea kwenye njia iliyokanyagwa peke yake: mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita hayajaisha nchini Kambodia.