Ubongo Hujifunza Hata Usipotumwa

Kilomita zipatazo saba kutoka mjini Gitega kipo kilima cha Gishora, ambako Mwami Mwezi Gisabo aliweka makao katika karne ya 19 baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, na ambako ngoma mbili za kifalme, Ruciteme na Murimirwa, zimetunzwa vizazi kwa vizazi. Wengi wa askari wanaosoma ukurasa huu wamepata kuwaona wapigaji wa Gishora siku za sikukuu. Wachache, tunadhani, wamepata kuwatazama siku ya kawaida, wakati watoto wanapojifunza kazi hiyo kwa wakubwa wao. Sisi tulikaa pale asubuhi moja, na hatukujuta.

Ngoma hupangwa nusu duara, idadi yake daima ikiwa witiri, na katikati huwekwa ile iitwayo inkiranya. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata kama inkiranya inavyoongoza. Mtoto aliye mgeni wa ngoma huitazama mikono yake. Midomo yake yahesabu kimya kimya; akisemeshwa, hukosea. Kaka yake aliyezoea haitazami mikono. Aweza kuruka, kuizungusha fimbo nyuma ya shingo na kucheka na watazamaji, wala mdundo usipotee. Tulimwuliza mzee mmoja aliyesimama karibu nasi: je, kijana yule anafikiri nini apigapo? “Hafikiri,” akajibu. “Akifikiri ataharibu.”

Jibu hilo lilitufuata safari nzima, kwa sababu siku iliyofuata tulikuwa tunakwenda Muyinga kuzungumza na mtu aliyekuwa akisumbuliwa na jambo la jamaa hiyo hiyo: mwili wake ulikuwa ukitenda mambo bila ya kumwuliza.

Kabla ya kufika kwake, hapana budi tueleze kwa ufupi jinsi mwili unavyoweza kutenda bila ya kuuliza. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, lakini hula kiasi cha sehemu moja ya tano ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ndani yake mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na kila moja imeshikamana na nyingine kwa maelfu. Habari hupita kutoka chembe hii hadi ile kwa mwendo ambao, katika mishipa iliyo ya upesi kabisa, hufikia mita mia moja kwa sekunde. Na hapa ndipo penye siri ya kujifunza. Njia inayopitwa mara nyingi hugeuka kuwa rahisi kupitika, kama kijia cha miguu kinavyojichora mlimani pasipo mtu aliyekilima. Hakuna anayekaa ndani ya ubongo na kuchagua vijia vipi vichorwe. Kinachopitwa ndicho kinachobaki.

Tena ubongo hauna ghala moja tu la kumbukumbu. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, kijana mmoja aliyeteswa na kifafa alipasuliwa kichwa na kuondolewa sehemu ya ndani ya ubongo, pamoja na kile kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia siku ile hakuweza kushika jambo jipya. Daktari aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni kwake mchana. Hata hivyo, Bibi Brenda Milner, mtaalamu kutoka Montreal, alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake ndani ya kioo, kijana huyo aliendelea kuwa hodari zaidi siku baada ya siku, ingawa kila siku aliapa kwamba hajapata kuiona kazi ile. Mkono ulikuwa umejifunza; mwenye mkono hakuwa na habari.

Askari ataielewa hadithi hiyo upesi kuliko mwalimu wa chuo. Mkufunzi anayemwamuru kuruta kuifungua na kuifunga bunduki mara mia, kisha gizani mara mia nyingine, hafanyi hivyo kwa ukatili (au tuseme, si kwa ukatili peke yake). Anataka kazi hiyo itoke mahali pa kufikiri na kuhamia katika sehemu za ndani na za nyuma za ubongo zinazoshika mazoea ya viungo, zile zile ambazo mpiga ngoma wa Gishora huzitegemea. Ila na tuseme wazi kwamba ubongo haubagui. Kosa lililorudiwa mara mia nalo huwa hodari. Tena usingizi ni sehemu ya somo, kwa maana ubongo huyapanga na kuyakaza mafunzo ya mchana wakati mtu amelala. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya kazi ya macho na mikono kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Makamanda wanaopanga zamu za usiku wanaweza kuitafakari hesabu hiyo.

Tuliondoka Gitega alfajiri, tukapita Karusi, na kabla ya adhuhuri tukawa Muyinga. Mwenyeji wetu tutamwita Sajini tu, maana ndivyo jirani zake wamwitavyo hadi leo ingawa amestaafu. Ni mmoja wa askari wa Burundi waliopelekwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, msafara ambao ulianza mwezi Desemba 2007. Alirudi mzima, bila ya jeraha hata moja. Miezi mingi baadaye, siku ya mvua, upepo uliubamiza mlango wa bati wa jikoni. Alipojitambua alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, na mwanawe wa kwanza, mtoto wa miaka tisa, yu chini yake analia, mkono umeteguka. Alikuwa amemkinga mtoto na kombora ambalo halikuwapo.

“Ndugu zangu,” alituambia, “sikuogopa. Kuogopa nakujua. Siku ile sikupata hata nafasi ya kuogopa.”

Maneno hayo ni sahihi kuliko alivyodhani mwenyewe. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake mojawapo ni kulinda lindo. Mlio au umbo la hatari hukifikia kwa njia ya mkato, kabla ya sehemu za juu za ubongo hazijamaliza kupambanua ni kitu gani. Hapo hapo amri hushuka kwa mishipa ya fahamu: tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, tumbo husimamisha kazi yake, misuli hukaza. Mtu hujikuta chini, kisha ndipo ajuapo kwamba amelala chini. Mogadishu, mwendo huo ulimwokoa Sajini. Muyinga, ulimvunjia heshima nyumbani kwake.

Kwa nini lindo halijui kwamba vita vimekwisha? Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari za mgonjwa wake mmoja, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kukumbuka. Siku moja alimpa mkono huku ameficha pini katikati ya vidole, akamchoma. Baadaye yule mama hakumkumbuka daktari wala pini, lakini alipopewa mkono tena aliukataa, asiweze kueleza sababu. Hofu ilikuwa imeandikwa mahali pengine, mbali na hadithi yake. Kwa kawaida hipokampasi ndiyo inayolipa kila tukio tarehe yake na mahali pake. Lakini katika kitisho kikubwa mno, amigdala huandika kwa wino mzito, na hipokampasi hubaki nyuma. Mtu hubakiwa na mlio, harufu, joto na kishindo visivyo na tarehe. Na kisicho na tarehe ubongo hukichukua kuwa ni cha leo.

Mambo haya si udhaifu wa tabia, na hesabu zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwahoji watu zaidi ya 3,000 katika eneo la West Nile, Waganda wenyeji pamoja na Wasudani, wakiwemo wakimbizi, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Miongoni mwa waliopatwa na aina tatu au chache zaidi za matukio ya kutisha, asilimia 23 walikuwa na maradhi haya ya kiwewe. Miongoni mwa waliopatwa na aina 28 au zaidi, wote walikuwa nayo. Wote, ndugu msomaji. Maana yake ni kwamba hakuna shujaa ambaye hesabu haimfikii. Kinachotofautiana ni idadi ya mawe yaliyopakiwa mgongoni.

Majeshi yamechelewa sana kuijua habari hii. Mwezi Juni 1916, wakati majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Gitega, iliyoandikwa Kitega siku hizo, na kuwatoa Wajerumani, madaktari wa Ulaya walikuwa wanabishana juu ya askari waliotoka katika mahandaki wakitetemeka, mabubu au vipofu bila ya jeraha. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers alikuwa ameandika juu yao, akitumia jina la mshtuko wa mabomu. Wengine hawakupelekwa kwa daktari bali mbele ya mahakama ya kijeshi. Katika vita vile Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, nao hawakusamehewa mpaka mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa, hakuna awezaye kuhesabu sasa.

Sajini naye aliuhofu mzaha wa wenzake kuliko maradhi yenyewe. Alinyamaza mwaka mzima. Alilala sebuleni ili asimwumize mama watoto usingizini, akaacha kwenda sokoni, akaanza kunywa. Pombe, tuseme kwa haki, hutuliza lindo kwa saa chache. Kisha huuharibu usingizi ambao ndio ungelipanga upya, na asubuhi deni huwa limeongezeka.

Mwishowe alikubali kwenda kwa mtaalamu. Tiba aliyopewa ilitushangaza kwa wepesi wa vyombo vyake: kamba, mawe na maua. Kamba hunyooshwa sakafuni, nayo ndiyo maisha, tangu kuzaliwa. Pale palipo na msiba huwekwa jiwe, pale palipo na furaha huwekwa ua. Kisha, siku kwa siku, mtu husimulia kwa utaratibu, na afikapo kwenye jiwe haruhusiwi kuliruka. Huulizwa: ilikuwa saa ngapi? Ulisimama wapi? Ulisikia harufu gani? Sasa moyo wako unakwendaje? Nani alikuwa kuliani kwako? Hivyo ule mlio usio na tarehe hurudishiwa tarehe yake, na hipokampasi hupewa nafasi ya kuimaliza kazi iliyoishinda siku ile.

Njia hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, kwa Wasudani 43 waliogawanywa mafungu matatu. Mwaka mmoja baadaye, katika fungu lililosimulia kwa utaratibu, waliobaki na maradhi walikuwa asilimia 29. Katika mafungu mengine mawili walikuwa karibu asilimia 80. Huko Nakivale, kusini mwa Uganda, kazi hiyo ilifanywa na wakimbizi wenyewe waliofunzwa, wala si madaktari, nayo ilifaa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Hapa kwetu, mwenye kuhitaji msaada wa maradhi ya akili anakijua kituo cha Kamenge kilichopo Bujumbura, ambacho kimekuwa na tawi Gitega pia.

Lipo jambo jingine, chungu zaidi, ambalo haifai kulificha kwa wasomaji kama ninyi. Ubongo hujifunza hofu, lakini aweza mtu pia kujifunza utamu wa kupigana. Wataalamu wale wale wa Konstanz, pamoja na wenzao wa Burundi, waliwahoji askari walio kazini na wapiganaji wa zamani wa nchi hii, wakachapisha habari zao mwaka 2015. Wapo waliokiri kwamba mapambano yalifikia kuwavuta, hata wakayatamani. Vitani, hali hiyo yaweza kumkinga mtu na kiwewe. Barabarani, ni hatari. Mfikirie askari polisi kwenye bariyeri ya njia ya Kobero, usiku, dereva anapotia mkono ndani ya koti. Amigdala huona bastola kabla jicho halijaona hati za gari. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema ngoja, hufika kwa kuchelewa, na huchelewa zaidi kwa aliyekesha au aliyekunywa. Basi neno ngoja nalo linahitaji kufanyiwa mazoezi kama kulenga shabaha: mara mia, kisha gizani mara mia nyingine. Kwa maoni yetu, saa zinazotolewa kwa zoezi hilo bado ni chache.

Tulimwuliza Sajini kama sasa amepona. Alicheka. Wataalamu hueleza kwamba somo la hofu halifutwi, bali somo jipya huandikwa juu yake, na mlio mkali waweza kulifunua la zamani. Tulikuwa bado tumekaa wakati upepo wa jioni ulipoanza, na mlango wa jikoni ukabamizwa. Mabega yake yalipanda, mkono ukashika ukingo wa kiti. Akageuza uso, akatazama mlangoni, akamwona mwanawe amesimama na ndoo ya maji.

“Ni mlango,” mtoto alisema.

“Naona,” akajibu baba yake, akaendelea na chai yake.