Kungoja Kisu cha Pili

Upasuaji wa saratani ya ngozi ya uso mara nyingi hauishi siku ile ya kwanza. Daktari hukata uvimbe pamoja na milimita chache za ngozi inayouzunguka. Hawezi kuchukua nyingi, kwa kuwa pua, kope na midomo vimebanana. Kinyama kilichokatwa huenda maabara. Seli za saratani zikionekana kufika ukingoni mwake, mgonjwa atakatwa tena. Hapo kungoja huanza: majibu yanachelewa, chumba cha upasuaji kimejaa, tarehe inasogezwa.

Hatari ya kungoja hutegemea kwanza aina ya seli. Saratani ya seli za tabaka la chini la ngozi mara nyingi hukua milimita chache kwa mwaka, na ni nadra kusambaa mwilini. Saratani ya seli bapa haina subira hiyo. Inaweza kukua ndani ya wiki chache na kufika kwenye mitoki ya shingo, hasa ikianzia mdomoni au sikioni. Barani Afrika, hii ya pili ndiyo inayowaandama zaidi watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina melanini kidogo mno ya kuikinga na jua.

Jambo la pili ni kujua kinachocheleweshwa. Kuchelewa kuondoa saratani iliyobaki si sawa na kuchelewa kuziba kidonda ambacho kingo zake zimethibitika kuwa safi. Hata kuna mabonde ya uso, kama pembe ya ndani ya jicho na panja, ambako kidonda kidogo kinaweza kujifunga chenyewe na kuacha kovu zuri.

Ipo njia inayopunguza kungoja huku. Miaka ya 1930, daktari Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani, alianza kubuni njia ya kukata tabaka moja moja na kukagua kila ukingo kwa hadubini. Leo kazi hiyo kwa kawaida humalizika siku hiyohiyo. Lakini inahitaji daktari aliyefunzwa na maabara jirani na chumba cha upasuaji, na hospitali nyingi hazina.

Basi anayengoja afanye nini? Aombe nakala ya majibu ya maabara, kisha aulize: ni seli za aina gani, zimeingia kina gani, zimegusa mishipa ya fahamu, ukingo upi si safi? Kidonda akioshe kama alivyoelekezwa, akipake mafuta ya mgando na kukifunika. Kidonda chenye unyevu hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikakauka. Dawa za miti na krimu za kuunguza asizitie, kwani zinaweza kufunika saratani inayoendelea kukua chini ya kovu.

Jua nalo halingoji tarehe: kofia ya ukingo mpana, kivuli, na losheni kama Kilisun, iliyoanza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Uvimbe ukikua haraka, ukitoa damu, uso ukifa ganzi au kuhisi sisimizi wakitambaa, mdomo ukipinda au mtoki ukijitokeza shingoni, asisubiri miadi. Arudi hospitali na nakala yake mkononi. Foleni ya upasuaji hupangwa kwa uzito wa ugonjwa, na daktari hawezi kumsogeza mbele mgonjwa ambaye mabadiliko yake hayajui.