Baruti, Kipimo na Shabaha

Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, nguvu za utawala wa Wakilindi zilianza kuhama kutoka Vuga, juu ya milima ya Usambara, kwenda Mazinde, kule tambarare palipopita misafara ya biashara. Hapo Semboja alijipatia magobore na baruti.

Mpigaji wa gobore alimimina baruti mtutuni kwa mkono, kisha akashindilia risasi. Kipimo kikitofautiana, kasi ya risasi nayo hutofautiana. Tuchukue shabaha iliyo umbali wa mita 90, tukiacha ukinzani wa hewa. Risasi yenye kasi ya mita 300 kwa sekunde hufika baada ya sekunde 0.3, na mvuto wa dunia huishusha sentimita 44. Kasi ikiwa mita 250, safari huchukua sekunde 0.36, nayo hushuka sentimita 64. Tofauti hiyo ya sentimita 20 yatosha kuikosa shabaha ndogo.

Ndiyo maana walenga shabaha wa leo wanaojijazia risasi wenyewe huipima baruti kwa mizani. Mwanafunzi na arudie hesabu hii kwa mita 180. Ataona tofauti imekuwa mara nne. Kwa nini?